Kusoma Njaa ya Uvimbe

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi: unavuka Mto Tana, unapita Mwingi, Matuu na Thika. Mama mwenye saratani ya matiti akihitaji kipimo cha picha kiitwacho PET, hana budi kupanda basi. Dawa ya kipimo hicho haiwezi kumfuata nyumbani. Ni glukosi iliyotiwa florini-18, na kila dakika 110 nusu ya mnururisho wake hupotea. Ingekaa saa sita barabarani, ingefika Garissa ikiwa imebaki sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mashine yake ya saiklotroni ya kuitengenezea.

Naistahi kazi ya kipimo hiki kwa utulivu wake. Mgonjwa hufunga saa sita, hata chai ya sukari haonji, kwa kuwa sukari ya damu hushindana na dawa. Sindano hudungwa mkono wa upande usio na uvimbe. Hivyo dawa ikivuja, haitang'arisha tezi za kwapa linalochunguzwa. Kisha mgonjwa hulala kama saa moja, kimya, kwenye chumba chenye joto, kwani misuli inayofanya kazi hula sukari, na mwili ukisikia baridi, mafuta ya shingoni huwaka. Muuguzi humfunika blanketi. Blanketi hilo nalo ni sehemu ya kipimo.

Ndipo daktari huisoma picha. Katika miaka ya 1920, Otto Warburg wa Ujerumani alionyesha kwamba seli za saratani zina njaa kubwa ya glukosi. Lakini njaa hiyo hailingani. Uvimbe mkali, unaogawanya seli zake kwa kasi, hasa ule usio na vipokezi vya homoni wala protini ya HER2, mara nyingi hung'aa sana. Ule wenye vipokezi vya homoni na unaokua polepole huwa hafifu. Saratani ya vijitezi vya maziwa, ambayo seli zake hupenya moja nyuma ya nyingine bila kujikusanya, yaweza kuwa kubwa na bado isionekane vizuri. Uvimbe usiofika sentimita moja waweza kupita bila kuonwa. Kifua kikuu cha tezi, kwa upande wake, hung'aa na si saratani.

Mfugaji hamnunui ng'ombe kwa rangi ya ngozi: hutazama meno, nundu na mwendo. Msomaji hodari wa picha hizi naye huweka kando yake majibu ya kinyama kilichokatwa, kiwango cha ukali na vipokezi, ndipo anaandika neno lake.

Kwa hiyo, dada yangu, ukipapasa uvimbe, usingoje safari ya Nairobi. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Garissa, ukatwe kinyama kipimwe. Picha humulika njaa ya uvimbe. Jina lake hutolewa na kinyama.