Sifa ya Mkono Usioshika Kisu

Goti la binadamu limeonewa sana na watu wenye visu. Mwaka 1897 John Bland-Sutton, daktari wa upasuaji wa London aliyeheshimika kwa elimu yake, aliandika kwamba vile vipande viwili vya gegedu vinavyokaa katikati ya goti, ambavyo wataalamu huviita meniska, ni mabaki tu ya misuli iliyokwisha kazi zamani. Kitu kisicho na kazi hakionewi huruma. Kwa miongo mingi baada ya hapo, mchezaji au mchimba makaa aliyeumia goti akifika hospitalini Ulaya, meniska iliyochanika ilitolewa nzima, naye akarudi kwao bila maumivu, akimshukuru daktari. Shukrani hiyo ilikuwa ya mapema. Mwaka 1948 Mwingereza mwingine, T. J. Fairbank, alizitazama picha za eksirei za magoti yaliyotolewa meniska akaona mifupa imesogeleana, ncha ya mfupa wa paja imeanza kuwa bapa, na pembeni umeota ukingo ambao haukuwapo. Goti lilikuwa linazeeka kumzidi mwenyewe.

Mwanamke yeyote anayetoka kisimani na ndoo kichwani angeweza kumweleza Bland-Sutton alichokosea. Ndoo haikai juu ya utosi mtupu. Katikati kuna ngata, kile kipande cha khanga kilichosokotwa duara, na kazi ya ngata ni kuutandaza uzito usilemee nukta moja. Mfupa wa paja unaishia kwa vichwa viwili vya mviringo, mfupa wa muundi unaovipokea ni karibu bapa, na bila ngata hiyo ya gegedu mzigo wote ungeangukia mahali padogo mno. Goti likiwa limenyooka, meniska hubeba kama nusu ya uzito unaopita hapo. Likikunjwa nyuzi 90, sehemu yake hufika asilimia 85 hivi. Ndicho kitu kilichokuwa kikitupwa kwenye ndoo ya taka za chumba cha upasuaji.

Ninayetaka kumsifu hapa ni mtu mwingine kabisa: mtaalamu wa fiziotherapia, yule ambaye hospitali zetu nyingi humpa chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na stoo. Sifa zake ni ngumu kuandikwa kwa sababu kazi yake haiachi kovu. Daktari wa upasuaji anaweza kukuonyesha kipande alichokitoa, na mgonjwa huenda nacho nyumbani kwenye kichupa kuwaonyesha majirani. Huyu wa mwisho wa korido, akimaliza kazi yake, hana cha kuonyesha ila mtu anayeinuka kwenye kiti bila kushika meza. Halafu mtu mwenyewe husema, goti lilipona lenyewe.

Halikupona lenyewe. Tena, kwa maana moja, halikupona kabisa, na hapa ndipo ufundi wake unapoanzia. William Hunter, Mskoti aliyefundisha anatomia London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Sababu ilikuja kueleweka baadaye: kwa mtu mzima, damu hufika kwenye ukingo wa nje tu wa meniska. Sehemu ya ndani haina mshipa hata mmoja. Hulishwa na ute wa goti, unaosukumwa kuingia na kutoka kila mguu unapokanyaga na kuinuka. Mchaniko ulio ndani huko, mara nyingi, hauungi tena. Mgonjwa akiambiwa hivyo na kuishia hapo hana budi kukata tamaa.

Lakini kuna habari ya pili ambayo madaktari wenyewe walichelewa kuizingatia. Katika mji wa Framingham, Marekani, watafiti walipiga picha za MRI magoti ya watu 991 wa umri wa miaka 50 hadi 90, waliopatikana majumbani, si kwenye foleni ya kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya wale waliokutwa na meniska zilizochanika, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala ukakamavu wa goti kwa mwezi mzima uliotangulia. Walikuwa wanakwenda sokoni na ngata zao zilizochanika, hawana habari. Basi mchaniko ni jambo moja na goti bovu ni jambo jingine, na mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyejifunza kufanya kazi katika mwanya ulio kati ya hayo mawili.

Nimewahi kukaa kwenye benchi la chumba kama hicho, katika hospitali ya wilaya, nikimtazama kijana wa zamu akimpokea mama muuza samaki wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Goti hili limenishinda."

"Pole sana mama. Panda hapa kitandani, nyoosha miguu yote miwili."

Yote miwili, ingawa linalouma ni moja. Hakuanza kwa kugusa penye maumivu. Alisimama upande wa miguu akayatazama mapaja, kisha akatoa futikamba ya fundi cherehani, akapima duara la kila paja kwa umbali uleule juu ya goti. Lile la upande mgonjwa lilikuwa jembamba. Mama alishangaa; alidhani kilichoharibika ni goti peke yake. Kumbe goti likijaa maji, neva hutuma amri ya kuuzima msuli wa mbele ya paja, hata kama msuli wenyewe ni mzima. Imewahi kujaribiwa kwa watu wasio na ugonjwa wowote: mililita 20 hadi 30 za maji ya chumvi zikidungwa ndani ya goti zinatosha kuulegeza msuli wa ndani ulio juu kidogo ya kilegesambwa. Ni kama vijiko viwili vya chakula. Mtu anatembea na paja lililolala usingizi, uzito wote unashukia kwenye gegedu, gegedu linachokozeka, maji yanaongezeka, na usingizi unakuwa mzito zaidi.

Kijana akakunja khanga ya mama mwenyewe ikawa kama mto mdogo, akaiweka chini ya goti. "Ikandamize kwa nguvu, kwa nyuma ya goti." Vidole vyake viwili vilikuwa juu ya ule msuli wa ndani, vimetulia. Hakikutokea kitu. Akamwambia aanze na mguu mzima, aone unavyofanya, kisha arudi kwa mgonjwa. Safari hii nyama ikacheza chini ya vidole, kidogo sana, nami nilipokuwa nimekaa sikuiona. Yeye aliihisi. "Huo hapo mama, umeamka." Wakarudia, na wakarudia tena, na hiyo ndiyo ilikuwa karibu tiba yote ya siku ile.

"Hunichui?" mama akauliza, akiwa ameshaanza kuteremka.

"Leo sikuchui mama."

Alitoka na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Namwelewa. Tumezoea kwamba tiba ni kitu unachofanyiwa: sindano, dawa ya kupaka inayowasha, mashine yenye taa nyekundu inayolia. Kulipa nauli na ada, kisha ukaambiwa kazi uifanye wewe mwenyewe, asubuhi na jioni, kwenye kitanda chako, kunafanana na utapeli. Na fani hii imebeba mzigo wa jina baya tangu zamani. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa kike jijini London waliunda chama cha wachuaji waliofunzwa, kwa sababu magazeti yalikuwa yakiandika kashfa za nyumba zilizotundika vibao vya kuchua huku ndani zikiuza biashara nyingine. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza. Atakayesoma vibao vya masaji katika miji yetu leo hatakosa kutabasamu.

Kuchua kuna nafasi yake, sikatai. Ila ninachokihusudu katika kazi hii ni kukadiria. Mwaka 1945 Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani katika hospitali ya Gardiner, Chicago, aliandika jinsi alivyowapa askari waliodhoofika mapaja baada ya kuumia magoti vyuma vizito vya kuinua, wakati wenzake wengi waliamini mguu mgonjwa unafaa mazoezi mepesi tu. Mpango uliokuja kujulikana kwa jina lake unaeleweka kwa mtu yeyote: tafuta uzito ambao mgonjwa anaweza kuuinua mara 10 tu, kisha aanze na nusu ya uzito huo mara 10, apande robo tatu mara 10, amalizie na wote mara 10. Wiki ijayo upime upya. Vyumba vyetu visivyo na vyuma hutumia mfuko wa mchanga, au pakiti za unga zilizofungwa kwenye kifundo cha mguu kwa kitambaa. Paja halijui tofauti.

Ugumu uko kwingine. Msuli unataka mzigo mkubwa ili ukue. Goti lenye meniska iliyochanika linataka mzigo mdogo ili litulie. Vyote viwili viko kwenye mguu mmoja, na hakuna chombo kinachoonyesha mpaka uko wapi. Goti lenyewe halisemi ukweli wakati wa mazoezi. Linaweza kuuma kidogo bila madhara, au kukaa kimya na kuja kulipiza usiku. Jibu lake hutolewa kesho yake asubuhi. Ndiyo maana mtaalamu mzuri akikutana na mgonjwa wake tena huuliza kwanza habari za asubuhi ile: uliamkaje, lilikuwa limevimba, ngazi ulizishukaje. Maumivu yaliyopoa kabla ya kulala yanavumilika. Goti lililoamka limejaa maji maana yake jana tulizidisha, na leo mfuko wa mchanga unapunguzwa. Anasoma goti la leo ili ajue alichokitenda jana. Nimeona madaktari wenye vyeo wasio na subira hiyo.

Kwamba kazi hii ya polepole inafaa, imeshapimwa kwa ukali. Mwaka 2013 Wafini walichapisha jaribio la wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65 waliochanika meniska kwa uchakavu: wengine walikatwa kipande kilichoharibika, wengine walichunguzwa tu kwa kamera ndani ya goti na kufanyiwa maigizo ya upasuaji bila kujua, na wote wakapewa maelekezo yaleyale ya mazoezi baadaye. Baada ya mwaka makundi hayakutofautiana. Mwaka 2016 Wanorwe wakaweka wagonjwa 140, wengi wao wa umri wa miaka 50 hivi, nusu kwenye kisu na nusu kwenye mazoezi ya wiki 12 chini ya wataalamu. Miaka miwili baadaye walikuwa sawa, isipokuwa kwamba waliofanya mazoezi walikuwa wamewazidi wenzao nguvu za paja katika miezi ya mwanzo. Karibu mmoja kati ya watano wa kundi la mazoezi aliishia kufanyiwa upasuaji hata hivyo, na si haki kuificha hesabu hiyo. Wanne waliobaki hawakuhitaji.

Hata hivyo magoti yetu yana kazi za ziada. Mama muuza samaki hupara samaki akiwa amechuchumaa, huswali mara tano, choo chake ni cha shimo, na nazi huzikuna juu ya mbuzi, magoti yakiwa karibu na kidevu. Goti likikunjwa hadi huko, mfupa wa paja hubingirika kurudi nyuma na kuibana pembe ya nyuma ya meniska, mahali ambapo michaniko mingi hukaa. Kumkataza mambo hayo kabisa ni kumfukuza katika maisha yake. Yule kijana aliyagawa. Kuswali, akae kwenye kiti kwa muda, kwani mgonjwa ameruhusiwa. Chooni, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Nazi akune binti. Halafu, wiki baada ya wiki, kazi ikawa ya kumteremsha: kukaa na kuinuka kwenye benchi, kisha kwenye stuli, kisha kwenye kigoda, mikono ikiwa kifuani, na mkeka ukabaki wa mwisho. Hakuna aliyempa kijana huyo karatasi yenye vipimo vya kigoda.

Kuna siku ambayo fundi huyu huweka mazoezi pembeni. Mgonjwa akisema goti limekwama, haliwezi kunyooka hata akilisukuma kwa mikono, huenda kipande cha meniska kimepinduka na kujipachika kama komeo katikati ya goti, na hapo kukandamiza khanga ni kupoteza muda. Anaweka dole gumba kwenye mstari wa kiungo, anauzungusha muundi taratibu kwa namna aliyoieleza McMurray wa Liverpool, anasikiliza mlio, kisha anaandika barua ya rufaa. Kijana wa miaka 20 aliyechanika ukingo wa nje, kwenye damu, naye anastahili kuonwa na mshonaji mapema. Kushona meniska kulianza zamani kuliko watu wanavyodhani. Thomas Annandale wa Edinburgh aliishona mwaka 1883, kabla Bland-Sutton hajaitangaza kuwa takataka, lakini hakuna aliyemfuata kwa muda mrefu.

Upasuaji wa kushona huisha ndani ya saa moja au mbili. Kisha mgonjwa hushuka na magongo hadi mwisho wa korido, karibu na stoo, akiwa na karatasi inayosema asikunje goti kupita nyuzi 90 kwa wiki kadhaa na asichuchumae kwa miezi. Nyuzi za daktari zinaweza kukatika kwa kuchuchumaa mara moja tu, na anayehakikisha hilo halitokei, huku paja likiendelea kuamshwa, ni yuleyule mwenye futikamba.