Barua Inayomfikiria Msomaji

Tarehe 7 Februari 1755, Samuel Johnson wa London alimwandikia barua mheshimiwa mmoja wa Uingereza, Lord Chesterfield. Miaka kadhaa nyuma, akiwa hana fedha wala jina kubwa, Johnson alimpelekea mheshimiwa huyo mpango wa kamusi ya Kiingereza aliyokuwa anaianza, akitumaini kupata mfadhili. Hakupata msaada wa maana. Kazi ilipokaribia kukamilika, Chesterfield akachapisha makala mbili za kuisifu kamusi hiyo, na Johnson akaona imempasa kujibu.

Alijibu kwa barua fupi. Anakumbusha miaka saba iliyopita tangu alipokuwa akingoja kwenye vyumba vya nje vya nyumba ya mheshimiwa. Anauliza kama mfadhili ni yule anayemwangalia mwenzake akitapatapa majini bila kujali, kisha mwenzake akishafika nchi kavu ndipo anamzonga kwa msaada. Hakuna tusi hata moja. Cheo cha mheshimiwa kimetajwa panapostahili, na mwishoni Johnson anajiita mtumishi wake mnyenyekevu na mtiifu, kama desturi ya siku zile ilivyotaka. Inasimuliwa kwamba Chesterfield aliiacha barua hiyo mezani kila mgeni aione, akiwasomea watu sehemu zilizomchoma zaidi na kusifu jinsi zilivyoandikwa.

Naitaja barua hii kwa sababu wengi wetu tulifundishwa umbo la barua ya Kiingereza kama sheria za mtihani: anwani hapa, tarehe pale, mstari urukwe, alama zipatikane. Tukatoka shuleni tukijua sheria bila kujua zinamtumikia nani. Johnson alijua. Bila lile umbo la heshima, hasira yake ingekuwa kelele za mtu aliyenyimwa. Ndani ya umbo hilo, kila neno lilimfikia aliyekusudiwa, naye akalazimika kulisoma hadi mwisho.

Tuitazame barua rasmi kwa karibu. Chukua muuguzi anayeomba kazi katika hospitali ya wilaya. Juu upande wa kulia ameweka anwani yake na tarehe. Kushoto, chini kidogo, ameweka cheo na anwani ya anayeandikiwa. Inafuata salamu, kisha kichwa cha barua kwa herufi kubwa, ambacho huku kwetu hutanguliwa na "RE:" kama barua zetu za Kiswahili za ofisini zinavyotanguliwa na "YAH:". Sasa mfikirie karani wa masijala mwenye rundo la barua mbele yake. Tarehe inamwonyesha kama maombi yameandikwa ndani ya muda. Cheo kinamwambia barua iende meza ipi, na kichwa kinamwambia iingie jalada gani. Kabla hajasoma sentensi moja, amekwisha kusaidiwa mara tatu.

Halafu inakuja sentensi ya kwanza, na hapo ndipo fundi hujulikana. Tumezoea kufungua barua ya ofisini kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu," na tunapoandika Kiingereza tunauhamisha mzigo huo kama ulivyo: "With reference to the heading above." Mwandishi mwenye mkono mzuri anaufuta, kwa kuwa kichwa kimeshasema. Anaandika: "I am applying for the post of Nursing Officer, advertised on 4 March." Nafasi gani, tangazo la lini, msomaji ameshika kila anachohitaji kushika.

Aya ya pili ndiyo yenye kazi kubwa. Barua nyingi za maombi hapo hujaa sifa ambazo mtu yeyote anaweza kujipa: "I am hardworking and I can work under pressure." Anayesoma barua mia moja ameikuta sentensi hiyo karibu katika kila moja, na haimwambii lolote. Muuguzi wetu anaandika: "For two years I have worked nights on a maternity ward of twenty beds." Hakujisifu. Ametaja miaka, zamu, wodi na idadi ya vitanda, na msomaji mwenyewe anafikia uamuzi kwamba mtu huyu anachapa kazi na hatishiki. Napenda sana imani iliyomo katika sentensi ya namna hiyo: mwandishi ameamini kwamba msomaji ana akili.

Kuna jambo jingine linalotaka sikio. Kiswahili hubeba adabu ya ombi katika "naomba" na "tafadhali." Kiingereza huibeba zaidi katika umbo la kitenzi. Anayefikiri "naomba unitumie fomu" huandika "I request you to send me the form," na bila kukusudia sauti yake inakuwa kama ya askari wa zamu. Aliyezoea huandika "I would be grateful if you could send me the form." Maneno yameongezeka kidogo, lakini yamemwachia msomaji nafasi ya kukubali kwa hiari yake. Hili halikaririwi likatosha. Hupatikana kwa kusoma barua nzuri nyingi, mpaka sikio lenyewe likatae sentensi yenye ukali usiokusudiwa.

Hata kuaga kuna mpangilio wake. Usipolijua jina la unayemwandikia, unaanza na "Dear Sir or Madam" na kumaliza na "Yours faithfully." Ukilijua jina na kulitumia, unamaliza na "Yours sincerely." Huo ni mtindo wa Uingereza tulioupokea mashuleni Afrika Mashariki, Wamarekani wengi wanatosheka na "Sincerely." Neno la kwanza tu ndilo huanza kwa herufi kubwa. Chini yake kunaachwa nafasi ya saini, kisha jina kamili, maana saini za wengi hazisomeki na anayejibu asilazimike kubahatisha. Ni mambo madogo, lakini kila moja limewekwa kwa ajili ya mtu aliye upande wa pili.

Barua ya kirafiki huonekana kama imefunguliwa minyororo yote. Anwani ya mpokeaji haipo, kichwa hakipo, vifupisho kama "I'm" na "can't" vinaruhusiwa, na mwishoni unaweza kuandika "Love" au "Best wishes." Kumbe ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu umbo halikushiki tena mkono.

Bingwa wake ni mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Jane Austen. Barua zake zilizobaki ni kama 160, nyingi kwa dada yake Cassandra, ambaye baadaye aliziharibu nyingine nyingi. Wakati huo kwa kawaida aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Haikuwa adabu kumlipisha ndugu yako kwa karatasi yenye nafasi tupu, hivyo waandishi waliijaza mpaka ukingoni, na wengine waliigeuza na kuandika mistari ya kukatiza juu ya ile ya kwanza. Nafuu ilikuja tarehe 10 Januari 1840, barua isiyozidi nusu wakia ilipoanza kwenda popote Uingereza kwa peni moja, lakini Austen alikuwa amefariki mwaka 1817. Januari 1801 alimweleza dada yake kwamba sasa ameufikia ufundi wa kweli wa barua, yaani kuandika kile kile ambacho ungemwambia mtu yule yule kwa mdomo.

Zingatia hapo: mtu yule yule. Austen anaruka kutoka dansi hadi kitambaa cha gauni, kutoka kitambaa hadi jirani, wala hamtambulishi mtu, kwa kuwa Cassandra anawajua wote. Barua ya namna hiyo haiwezi kutumwa kwa mwingine. Na hapa tunaoandika Kiingereza tukitokea Kiswahili tuna la kuangalia. Barua zetu huanza kwa kujuliana hali kwa utaratibu: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Ni desturi nzuri, lakini ikihamishwa neno kwa neno inakauka na kubaki "I am fine, I hope you are fine too." Mapenzi yale yale katika Kiingereza hupita katika swali la jambo mahususi: "How is your mother's knee? Can she manage the stairs now?" Aliyeulizwa hivyo anajua kwamba anakumbukwa.

Kwamba barua rasmi na barua ya kirafiki ni ufundi mmoja, maisha ya Samuel Richardson yanathibitisha. Akiwa kijana wa miaka kama 13, wasichana watatu walimwendea kwa siri awaandikie majibu kwa wachumba wao. Alipokuwa mchapishaji London, wauza vitabu walimwomba atunge kitabu cha barua za mfano kwa watu wa kawaida. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1741 kikiwa na barua 173. Alipokuwa akikitunga, akajikuta amevutwa na sauti ya mtumishi wa kike anayewaandikia wazazi wake, na ndivyo ilivyozaliwa riwaya ya Pamela mwaka 1740. Kazi ya kumwandikia barua mtu mwingine ilimfundisha kuingia moyoni mwa mtu mwingine.

Leo barua nyingi husafiri kwa barua pepe, na anwani ya juu kulia imeondoka. Kichwa kimebaki, sentensi ya kwanza imebaki, na msomaji aliyechoka amebaki. Kijana wa Lindi au Kigoma asiye na ndugu ofisini anasimama mbele ya mwajiri kwa ukurasa mmoja tu, tena katika lugha ambayo si ya mama yake. Anastahili mwalimu atakayemweleza sababu ya kila mstari, na atakayemtaka aisome barua yake kwa macho ya atakayeipokea kabla hajaituma. Akiuzoea ufundi huo ataandika kwa heshima bila kujidhalilisha, na ataomba haki yake kwa sauti ambayo mkubwa yeyote atalazimika kuisikiliza.