Hazina ya Kanda za Redio Tanzania

Maktaba ya sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam ilihifadhi muziki wa dansi ambao, bila kazi hiyo, ungepotea kwa sehemu kubwa. Utangazaji ulianza jijini mwaka 1951, na kwa miaka mingi baada ya Uhuru studio ya redio hiyo ya serikali ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa bendi kurekodi, kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha sahani za santuri.

Ubora wa rekodi hizo ulitokana na nidhamu ya wanamuziki. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache. Aliyekosea noti aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Kwa hiyo wimbo ulifika studio ukiwa umeshakomaa jukwaani, katika kumbi kama DDC Kariakoo, ambako wachezaji ndio waliokuwa waamuzi wa kwanza. Msikilizaji makini wa Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978, hulisikia jambo hilo wazi: magitaa yanapokezana bila kugongana, sauti za Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka zinakaa juu yake, kisha tarumbeta zinaingia pale hasa zinaposubiriwa.

Rekodi hizo ziliwekwa katika kanda za sumaku, ambazo huchakaa kwa joto na unyevu wa pwani. Waliozipanga, kuziandika majina na kuzitunza rafuni miaka yote hiyo wanastahili pongezi sawa na wapigaji wenyewe.