Tezi, Omo na Msomaji wa Bara

Methali isemayo "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" hufundishwa nchini Kenya pwani na bara. Katika sehemu za Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, wako wanaoikariri bila ya kupata kuona chombo cha tanga. Maelezo yanayoandamana nayo huwa mafupi: mtu hata aende mbali vipi, mwisho hurudi kwao. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yameiacha nyuma picha yenyewe. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni tumbo la chini ambamo maji yavujayo hukusanyika. Basi anayesemwa hapa hajaenda mbali hata kidogo. Yumo chomboni muda wote, na maji ya ngamani yanamngoja ayateke. Ikisomwa hivyo, methali yahusu mipaka ya uhuru wa mtu na wajibu asioweza kuukwepa, wala si safari na nyumbani tu.

Kosa hilo halitokani na uvivu. Msomaji wa bara akikuta foromali au goshi hujua kwamba hajui, naye hufungua kamusi. Yanayompotosha ni maneno anayodhani anayajua. Tezi kwake ni kiungo cha mwili au uvimbe wa shingoni. Omo ni sabuni ya unga ya dukani. Matanga ni kikao cha msiba. Kwa hiyo "matanga yalipotuliwa" humletea kilio pale mwandishi alipokusudia bandari. Kusi humwonyesha upande wa dunia, ambapo kwa baharia kusi ni upepo na pia majira, kiasi cha Aprili hadi Septemba, kama kaskazi ilivyo majira ya Desemba hadi Machi. Asiyelijua hilo hupotewa na kalenda nzima ya hadithi: hajui chombo cha Arabuni kilifika lini, wala kwa nini nahodha hawezi kung'oa nanga kesho.

Mfano mzito zaidi ni kitenzi kubisha. Chombo kinachobisha huenda upande upande, kikigeuza tanga mara kwa mara, ili hatimaye kifike kule upepo utokako. Mshairi akimfananisha mtu na chombo hicho, amemsifu kwa subira na maarifa. Msomaji wa bara huona ubishi, naye humhukumu mtu huyo kwa ukaidi. Hapo halikupotea neno tu. Hukumu ya kimaadili imepinduka, na mtahiniwa aweza kulipoteza shairi zima ijapokuwa sarufi yake haina dosari.

Wako wanaoshauri maneno haya yaondolewe katika vitabu vya shule. Rai hiyo haifai, kwani huidhania bahari kuwa kitu kigeni kabisa huko bara. Masimulizi ya Wameru husema kwamba wahenga wao walitoka Mbwaa, wakavuka maji yaliyogawanyika mbele yao. Lakini walivuka kwa miguu. Bahari imo katika urithi huo. Kisichokuwamo ni chombo. Hilo ndilo pengo la kuzibwa, nalo si kubwa kama linavyodhaniwa.

Dawa yake ni kubadili mpango wa ufafanuzi. Vitabu vingi vya methali hutanguliza funzo na kukisahau kitu kilicholizaa. Yafaa mchoro wa chombo na majina ya sehemu zake utangulie, kisha funzo lifuate. Mhariri naye asieleze maneno magumu tu, bali hasa yale mepesi yenye maana mbili. Mzaliwa wa Lamu huhitaji kuelezwa kazi ya kuchuma majani chai, wala hahesabiwi mjinga kwa hilo. Msomaji wa Githongo astahili heshima iyo hiyo.