Iacheni Rangi Ishike

Kando ya barabara ya Gudele, magharibi mwa Juba, karakana za kuchomelea zimesongamana, na mageti mapya yameegemezwa nje yakingoja wenyewe. Mengi hupakwa rangi asubuhi na kuondoka jioni. Ipo karakana moja tu, kwa ninavyojua, ambayo geti halitoki siku lilipopakwa, hata mteja alie.

Mwenye karakana ni mzee ambaye vita vilimkimbizia Kenya akiwa kijana. Huko alipata kibarua katika hanga la ndege, uwanja wa Wilson, Nairobi, akiwasaidia mafundi wa rangi. Uhuru wa Sudan Kusini wa 2011 ulimrudisha nyumbani. Leo hapaki bawa wala mkia wa ndege. Anapaka milango, madirisha na matangi ya maji. Amri ya kule, hata hivyo, hajaiacha: kipande kikubwa kikishapakwa, mikono yote ikae mbali.

Ninachokipenda zaidi kwake ni kijibati. Kila anapopaka kazi, hupaka pia kipande kidogo cha bati, kwa rangi ile ile iliyochanganywa saa ile ile, akakitundika pembeni. Mafundi wa ndege hufanya hivyo ili majaribio yafanywe kwenye kipande hicho, kazi yenyewe isiguswe. Mchana mmoja kijana alikuja kuchukua geti lake, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Mzee, si imekauka hii?"

"Imekauka juu, mwanangu. Ndani bado mbichi."

Kijana hakuamini. Mzee akamshushia kile kijibati, akamwambia akandamize kwa ukucha wa dole gumba, tena kwa nguvu. Ukucha ukazama, ukaacha alama ya mwezi mchanga. Yule kijana akaitazama kwa muda, kisha akauliza arudi lini. Hawakubishana. Nimeona mabishano mengi ya wateja na mafundi Juba, na hilo ndilo pekee nililoliona likiisha kabla ya kuanza.

Watu hudhani jua kali la Juba ni rafiki wa mpaka rangi. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Kwa joto la namna hiyo uso wa rangi hufunga utando upesi, kama uji unaopoa, huku tina, kiyeyushi chake, ikibaki imenaswa chini. Tina hiyo lazima itafute njia ya kutoka, na ikitoka huacha malengelenge na vitundu. Ndiyo maana mzee hupaka alfajiri, kivulini. Rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kukomaza rangi), ambazo ndizo za ndege, huweza kuguswa baada ya saa chache, lakini katika nyuzi 20 na ushei huhitaji karibu wiki nzima kukomaa kabisa. Hadina nyingi hazipatani na unyevu, kwa hiyo masika huleta shida yake. Rangi ya mafuta ya kawaida ya mageti hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, na yenyewe haina pupa.

Kwenye ndege jambo hili si la urembo. Usukani wa mkiani ukiinuliwa kwa mkanda rangi ikiwa mbichi, mkanda huacha mfereji. Mfereji unasuguliwa kwa msasa, unapakwa upya, na kila tabaka lina uzito wake. Sehemu zinazocheza zikizidiwa uzito upande mmoja zinaweza kutetemeka hewani hadi zikavunjika, ndiyo maana mizani yake hukaguliwa upya zikishapakwa rangi. Chini ya rangi nako kuna mambo. Qatar Airways na Airbus walifikishana mahakamani London juu ya rangi iliyokuwa ikibabuka kwenye ndege za A350, ambazo chini ya rangi yake kuna wavu wa shaba wa kukinga radi. Ndege zaidi ya 20 zilisimamishwa, na mapatano hayakuja hadi Februari 2023. Kosa lile halikuwa la kubeba kitu kibichi, lakini linaonyesha uzito wa ngozi hii nyembamba tunayoiita rangi.

Wazee wa pwani walilijua hilo la kungoja bila hanga. Jahazi lilipopandishwa mchangani kukalafatiwa, kupakwa mafuta ya sifa mbaoni na shahamu tumboni, halikurudi majini kwa amri ya tajiri. Lilingoja bamvua. Bahari yenyewe iliwapangia mafundi siku zao, na mwenye chombo akatulia.

Gudele haina bahari ya kumtuliza mtu. Mji umepanuka kwa kasi, kila mtu anataka ukuta na geti kabla ya mvua, na pikipiki ya magurudumu matatu inangoja nje injini ikiunguruma. Geti bichi linalazwa juu ya maboksi; likifika, karatasi imeganda kwenye rangi. Inabanduliwa kwa kisu. Msimu mmoja wa mvua unapita, kutu inachungulia palepale kisu kilipopita, na lawama anabebeshwa fundi. Inaniuma, kwa kuwa mteja alilipia chuma, akalipia umeme wa jenereta na kopo la rangi, lakini siku za kungoja hakuna aliyezihesabu kuwa kazi. Vijana wanaojifunza kwa mzee huyu wanaliona hilo. Baadhi wamehamia karakana za jirani, ambako geti hutoka jioni na pesa huingia jioni.

Basi wewe unayejenga Gudele, Munuki au popote, ukiagiza geti muulize fundi rangi yake itataka siku ngapi, na umlipe nafasi ambayo geti lako litaikalia siku hizo. Usitume gari kabla hajakuita.