Vipindi 12 vya Basil Fawlty
Pongezi ziwaendee John Cleese na Connie Booth, waandishi wa Fawlty Towers, komedi ya BBC yenye vipindi 12 tu: sita vya 1975, sita vya 1979. Wakaishia hapo. Basil, mwenye hoteli mjini Torquay, huwanyenyekea wenye vyeo na kuwafokea wengine; mkewe Sybil akimwita tu, anywea. Utamu wenyewe ni ufundi: uongo mdogo unazaa mkubwa, mlango unafunguliwa wakati mbaya kabisa, hadi Basil hana pa kujificha. Manuel, mhudumu kutoka Barcelona, anapigwa mno, kwa maoni yangu. Anza na kipindi cha mwisho, ambamo panya wake anapotea hotelini huku mkaguzi wa afya akisubiri chakula.