Mkono wa Silver: hazina ya angani ilivyotengenezwa

Katika filamu ya katuni Treasure Planet, iliyotolewa na Disney Novemba 2002, kuna tukio fupi la jikoni linalostahili kutazamwa polepole. John Silver, mpishi wa merikebu inayokata anga, ndiyo kwanza anakutana na kijana Jim Hawkins. Jicho lake moja, mguu wake mmoja na mkono wake mmoja ni mashine, na Jim amekwisha kuonywa ajihadhari na mtu wa namna hiyo. Silver anaisoma hofu usoni mwa kijana. Anaugeuza mkono wa chuma kuwa kisu, anakatakata kitoweo kwa kasi mpaka karibu na kiganja chake cha nyama, anajifanya amejikata, kisha anautoa mkono ukiwa mzima huku akicheka. Vitoweo vinaingia chunguni, na mara bakuli la mchuzi liko mbele ya mgeni.

Tukio linapoisha, mtazamaji amejua mambo mawili: huyu bwana anaweza kuua, na huyu bwana anapendeka.

Mhusika huyo mmoja alitengenezwa na mafundi wawili. Glen Keane, mchoraji mkongwe wa Disney, alichora kwa penseli uso, tumbo na sehemu zote za nyama. Eric Daniels alitengeneza viungo vya chuma kwa kompyuta. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu mchoro wa mkono hubadilikabadilika: mstari hunenepa na kukonda, bega hutanuka na kubonyea. Umbo la kompyuta halina tabia hiyo, linabaki na vipimo vyake kila upande. Ukiviunganisha bila uangalifu, mkono unaonekana kama kitu kilichobandikwa. Kabla ya kuanza, wasanii walifanya jaribio: walichukua kipande cha Kapteni Hook kutoka filamu ya Peter Pan ya 1953, wakamtoa mkono wa penseli na kumtia wa kompyuta. Walipoona mkono unafuata mwendo wa bega, wakapata ujasiri wa kuendelea.

Hadithi yenyewe ni ya zamani. Robert Louis Stevenson aliiandika Treasure Island katika karne ya 19, na wasomaji wa Kiswahili waliipata enzi za ukoloni kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Wazo la kuipeleka angani lilitolewa na Ron Clements, mmoja wa waongozaji wa filamu, mwaka 1985, katika kikao kilekile alichopendekeza The Little Mermaid. Wazo la nguva likapita, la angani likakataliwa. Yeye na mwenzake John Musker wakasubiri hadi baada ya filamu yao ya Hercules ya 1997 ndipo wakaruhusiwa.

Swali la kwanza la kiufundi lilikuwa hili: utaonyeshaje merikebu ya milingoti mitatu ikielea kati ya nyota bila mtazamaji kuguna? Andy Gaskill, aliyesimamia sanaa ya filamu, aliweka kanuni ya 70 kwa 30. Asilimia 70 ya kila kinachoonekana iwe ya kale: mbao, kamba, taa za mafuta, makoti marefu. Asilimia 30 iwe ya kesho. Rangi za joto za filamu zilichotwa kwa wachoraji wa vitabu wa Marekani, akiwemo N. C. Wyeth, aliyekipamba kitabu cha Stevenson mwaka 1911. Anga likajazwa hewa, ili mabaharia wapande milingoti nywele zikipeperuka, bila kofia za vioo. Wanasayansi wanaweza kulalamika, lakini uamuzi huo uliokoa nyuso za wahusika, na katuni bila uso haina kitu. Matanga nayo hunasa mwanga wa nyota. Hilo halikuwa mbali sana na ukweli: mwaka 2010 Japani ilirusha chombo kiitwacho IKAROS, kikasukumwa na mwanga wa jua kwa tanga jembamba.

Zana nyingine muhimu ilikuwa programu ya Deep Canvas, iliyoanza kutumika kuchora msitu wa filamu ya Tarzan mwaka 1999. Msanii hupaka rangi juu ya umbo la pande tatu, kompyuta inakumbuka kila mpigo wa brashi, na kamera inapozunguka mipigo hiyo huchorwa upya kwa pembe mpya. Picha inabaki na sura ya mkono wa mchoraji huku kamera ikipita ndani yake kama mtu anayetembea. Matunda yake yanaonekana pale mwezi mwandamo unapotazamwa kwa mbali: kamera inausogelea, inausogelea, na kumbe si mwezi bali ni bandari nzima yenye umbo la hilali, imejaa gati, maghala na vyombo. Mwaka 2003 waliounda programu hiyo, Daniels akiwa mmojawao, walipata tuzo ya kiufundi ya Oscar.

Pahali pamoja muungano wa penseli na kompyuta ulilegea. Roboti B.E.N., anayeingia hadithi ikielekea ukingoni, ni wa kompyuta mwili mzima. Hana penseli ya kumshikilia, na akisimama kando ya Jim mshono unaonekana.

Lakini kinachoibeba filamu ni namna hazina ilivyofungwa na mwili wa anayeitafuta. Mapema, Silver anamwambia Jim kwamba anayeifukuza ndoto hupoteza vitu njiani, na mtazamaji ana ushahidi mbele ya macho: mkono ule. Mwishoni sayari ya hazina inalipuka, boti imesheheni dhahabu, Jim ananing'inia ukingoni. Mkono mmoja wa Silver umeshika boti, wa pili haumfikii kijana. Anaiachia dhahabu. Ufundi wote wa Keane na Daniels ulikuwa ukiandaa sekunde hiyo.

Mwaka 2018 waongozaji Christopher Caldwell na Zeek Earl walifika palepale, kwenye hazina inayolipiwa kwa mwili, kwa njia nyingine kabisa. Katika filamu yao ya Prospect, binti na baba yake wanatafuta vito kwenye mwezi wenye hewa ya sumu. Filamu ilipigwa katika msitu wa mvua wa jimbo la Washington, na mavazi ya anga yakatengenezwa katika karakana ya Seattle. Kito huchimbwa kikiwa ndani ya kitu kama kiungo cha mnyama, hupasuliwa kwa uangalifu na kumwagiwa dawa; ukikosea kinaharibika. Na Ezra, mchimbaji anayeigizwa na Pedro Pascal, analazimika kukatwa mkono.

Treasure Planet ilitumia takriban dola milioni 140 na makusanyo yake duniani yakaishia karibu milioni 110, hasara iliyosaidia kuisukuma Disney kuelekea kompyuta tupu. Iliteuliwa kuwania Oscar, ikashindwa na Spirited Away ya Japani, iliyochorwa zaidi kwa mkono. Kwa hiyo penseli haikuwa kosa. Kwa ufundi wa kumfanya mwindaji hazina aonekane amelipia kila hatua aliyopiga, Silver bado hajapata mpinzani katika katuni za bunilizi ya kisayansi.